Siku Niliyomleta Genghis Khan Nyeri

Wiki iliyopita walikuja kunisalimu walimu watatu wapya wa historia, vijana wa juzi tu. Mmoja wao, kabla hata hajaweka kikombe chini, akaniuliza niliwezaje kuwafanya wanafunzi wawapende watu waliokufa zamani. Nilicheka. Nilimwambia kuwapenda ni rahisi. Taabu yangu mimi ni kwamba niliwafanya wampende mmoja kupita kiasi. Wakataka nieleze, lakini mawingu yalikuwa yameshuka mlimani, wakaondoka kabla mvua haijawakuta. Ndiyo sababu nawaandikia, na ninyi wengine mnaoshika chaki mwaka huu mnaweza kusoma pia.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Kwetu ni Taita. Nilisomea ualimu, nikapangiwa Nyeri katika miaka ile ambayo uhuru ulikuwa bado mpya na kila kijiji kilikuwa kinajenga shule yake. Yangu ilikuwa shule ya harambee juu kidogo ya mji: madarasa manne ya mbao, jiko la moshi, na uwanja mkubwa wa majani ambao niliupenda tangu siku ya kwanza. Kikikuyu sikukijua. Nilifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, nikacheka na kugombeza kwa Kiswahili, na majirani wakanijibu kwa Kiswahili chao cha huku, ambacho mwanzoni nilikisahihisha kimoyomoyo na baadaye nikaanza kukisema mwenyewe bila kujua.

Mwaka wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliandika tarehe ubaoni, wanafunzi wakanakili tarehe, nikaandika nyingine. Mkuu wa shule, Bwana Gichuki, alisimama mlangoni siku moja, akatazama, akaondoka. Jioni aliniambia, kwa upole wake, kwamba alihesabu wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wamelala macho wazi.

Basi chukueni hili kwanza: usianze somo kwa tarehe. Anza na mtu aliye taabuni, halafu nyamaza.

Mtu wangu alikuwa Temujini. Niliwaambia juu ya mtoto wa miaka tisa hivi, huko nyika za Wamongolia, ambaye baba yake alilishwa sumu safarini na mahasimu wake. Ukoo ukafunga mahema, ukahama na mifugo, ukamwacha mama mjane na watoto wake kwenye baridi. Mama yule akawalisha mizizi, matunda ya mwitu na samaki wadogo. Nilipofika hapo nikageuka, nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Wakakufa?" akauliza mtu nyuma yangu.

"Kesho," nikasema.

Kesho yake hakuna aliyechelewa. Niliwasimulia alivyomuua ndugu yake wa kambo kwa ugomvi ulioanzia kwenye samaki. Niliwasimulia alivyotekwa na kuvishwa kongwa la mti shingoni, akatoroka nalo, na mkewe alivyonyakuliwa, naye akaenda kumrudisha kwa vita. Nikafika alipoyaunganisha makabila yaliyokuwa yakiibiana farasi tangu enzi za mababu, nayo yakamwita Genghis Khan. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inaimba umoja wa makabila. Darasa likampenda, na mimi nikampenda zaidi yao. Nikamfanya mjenzi wa taifa. Miji aliyoiteketeza niliitaja haraka haraka, kama mtu anayetaja mvua iliyomnyeshea njiani akielekea harusini.

Neno harusi linanikumbusha. Khan alikuwa na matarishi waliopokezana ujumbe kwa farasi, kituo hadi kituo, kwa kasi ambayo dunia haikuwa imeiona. Nikataka wanafunzi waione. Nikawapanga mteremkoni, kila mmoja mbali na mwenzake, nikamnong'oneza wa kwanza: "Khan anataka farasi mia mbili kabla ya mwezi kuandama." Wakakimbia vizuri sana. Baada ya dakika chache Bwana Gichuki akatoka ofisini, amevaa koti lake, akanishika mkono kwa heshima na kunipongeza. Ujumbe uliomfikia ulikuwa kwamba Mwalimu Wakesho anataka harusi kabla ya mwezi kwisha.

Siku hiyo wanafunzi walielewa, bila mimi kueleza, kwa nini Khan, ambaye inasemekana hakujua kusoma, aliamuru lugha ya watu wake iandikwe. Kosa zuri hufundisha kuliko maelezo. Lakini si kila kosa ni zuri.

Mwaka wa tatu nikaamua kufanya mchezo wa kuigiza siku ya wazazi, kwa Kiswahili, ili kila mzazi afuate. Tungeonyesha kuanguka kwa Samarkand. Khan niliyemchagua alikuwa Gathoni, msichana wa kidato cha pili, mrefu kuliko walimu wawili kati ya watano tuliokuwepo, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Mama yake alikuwa mpishi wetu wa shule. Tulimwita Mama Gathoni. Alikuwa mjane, na binti huyo ndiye mtoto wake pekee. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuazima mfuniko wa sufuria kubwa uwe ngao.

Farasi hatukuwa nao. Nikashuka mtaa wa Majengo kumwona Mzee Salim, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akinunua wanyama Isiolo na Nanyuki na kuwaleta Nyeri. Babu yake alifika huku na misafara, bibi yake alikuwa wa hapa hapa, na yeye aliongea Kiswahili cha kunitia aibu. Nikamwomba punda.

"Wa mchezo gani?" akauliza.

"Wa Genghis Khan."

Akaiweka kamba aliyokuwa akiisuka. "Mjukuu wake ndiye aliyeiangusha Baghdadi, Mwalimu. Tulipokuwa chuo cha Kurani, maalim wetu alitusimulia vitabu vilivyotupwa mtoni mpaka maji yakawa meusi kwa wino. Alilia. Mambo ya karne na karne, na mtu mzima analia mbele ya watoto."

"Huyo ni mjukuu," nikamjibu. "Mchezo wetu ni wa babu."

Akaiokota tena kamba yake. "Haya. Nitakupa punda sita. Lakini uangalie ni nani watakaokaa mbele yako."

Nilidhani ananionya kuhusu mateke ya punda.

Siku ikafika. Samarkand tulikuwa tumeijenga uwanjani kwa mabua ya mahindi, yenye malango manne na mnara. Jeshi la Wamongolia likaingia kwa fahari, ndevu za katani zikipepea, na punda walipouona mji wakaushambulia kwa namna ambayo hatukuwa tumefanya mazoezi. Walilila lango la magharibi lote. Askari walishuka, wakavuta kamba, wakasukuma matako ya punda, mnara ukaanguka. Wazazi walicheka mpaka wengine wakalala kwenye majani. Mama Gathoni, aliyekuwa amesimama pembeni na mwiko mkononi, alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso yake.

Kisha ikaja sehemu ya mji uliotekwa. Kihistoria, Khan alikuwa na desturi: watu walitolewa nje ya kuta wakakusanywa uwandani, mafundi wakachaguliwa na kuwekwa kando ili wakafanye kazi kwake, na katika miji mingi waliobaki hawakuonana tena na jua la kesho. Nilitaka jambo hilo lionekane vizuri. Nikawaketisha watu wa mji chini kwa mistari, mikono kichwani. Hilo la mikono kichwani halikuwa kitabuni. Nililitunga mwenyewe.

Gathoni akapita katikati ya mistari taratibu, kama nilivyomfundisha. Akanyoosha kidole. "Wewe. Ni fundi? Simama huku." Akapiga hatua mbili. "Na wewe. Simama."

Kicheko kilikuwa kimekatika. Kilianza kukatika upande wa akina mama, kisha kikakatika kote. Mimi mjinga nilifurahi, nikidhani ni ustadi wa mchezo. Halafu nikamwona Mama Gathoni anauweka mwiko chini kwenye majani, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. Akageuka, akaondoka. Wanawake wengine wakainuka mmoja mmoja wakamfuata. Hakuna aliyepaza sauti. Wanaume walibaki wakitazama miguu yao. Gathoni alikuwa bado amenyoosha kidole, anamtazama mama yake akipotea nyuma ya jiko, na punda wanaendelea kutafuna.

Bwana Gichuki aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Wewe hukuwa hapa," akasema. "Najua. Lakini ilikuwa juu yangu kukuambia, na sikukuambia."

Akanieleza. Wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka wapiganaji wa msituni, watu wa kilima hiki walitolewa mashambani mwao wakarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Siku nyingine asubuhi waliitwa wote nje, wakaketishwa chini, mikono kichwani. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, asijulikane ni nani. Alipita katikati yao, na kila aliyemwonyesha alisimamishwa na kuchukuliwa. Wengine walirudi baada ya miaka. Wengine hawakurudi.

"Walikuwa wakikusanywa wapi?" nikauliza.

Bwana Gichuki alitazama dirishani, kwenye uwanja, ambako wanafunzi walikuwa wanaokota mabua. "Pale," akasema. "Shule ilijengwa hapa kwa sababu palikuwa tayari peupe."

Akaniambia kuanzia Jumatatu nifundishe kitu kingine, na huyo mtu wangu nimwache hapo. Baadhi ya wazazi walikuwa wameshauliza kama naweza kuhamishwa. Sikubishana. Nilikwenda chumbani kwangu nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikaitia kwenye bahasha.

Siku tatu zilizofuata Mama Gathoni alinipakulia githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kama kawaida, sahani imejaa kama kawaida, lakini hakuinua macho. Ingekuwa afadhali angeninyima.

Siku ya nne nilimrudishia Mzee Salim kamba zake. Nikamwambia nimeandika barua.

"Yule mama umeshamwendea?" akaniuliza.

"Nimwendee nimwambie nini, Mzee?"

"Usimwambie kitu. Wewe nenda. Mtu akikujia nyumbani na hana maneno, unamkaribisha. Akija na maneno mengi, unatafuta kazi ya kufanya."

Vijana, nimehudhuria semina nyingi za ualimu tangu wakati huo. Sikupata mahali popote fundisho lililonisaidia kuliko hilo.

Jumamosi nikaenda. Mama Gathoni alikuwa nje ya nyumba yake akipukuchua maharagwe kwenye gunia. Aliniona nikifungua lango, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Akatoka amebeba kiti cha mbao chenye mgongo, akakiweka karibu na gunia. Nikakaa, nikachukua maganda, nikaanza kupukuchua naye. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu.

"Hiyo kiti alitengeneza yeye," akasema mwishowe. "Baba Gathoni. Alikuwa fundi ya mbao."

Nikaendelea kupukuchua.

"Hiyo siku mimi nilikuwa na Gathoni kwa mgongo. Alikuwa na miezi nane. Tukaambiwa tukae chini, mikono kwa kichwa. Mimi singeweza kushika mtoto, nilikuwa naomba tu asianguke. Huyo mtu wa gunia akapita, akafika kwa bwana yangu, akafanya na kichwa hivi. Wakamuuliza, 'Wewe ni fundi?' Akasema ndio. Alifikiria ati wakijua ni fundi watamwacha, kwa sababu fundi anahitajika. Kumbe ni fundi walikuwa wanatafuta. Walisema ni yeye anatengeneza mti ya bunduki ya wale wa msituni."

"Alikuwa anatengeneza?" Hata leo sijui kwa nini niliuliza.

Hakukasirika. "Mimi nilimuona akitengeneza viti. Hiyo ingine sikuuliza, na yeye hakuniambia. Wakati huo, kutoniambia ndiyo ilikuwa kunipenda." Akakung'uta maganda mapajani. "Kwa mchezo yako, fundi wanawekwa kando ndiyo waishi. Ni kweli ilikuwa hivyo?"

"Ni kweli. Khan aliwataka. Akawapeleka kwao, mbali sana, wamfanyie kazi."

"Wakarudi kwa watu wao?"

"Wengi hawakurudi."

"Basi ni kitu moja," akasema.

Kisha akaniambia lililokuwa linamsumbua kuliko mchezo wenyewe. Gathoni hakujua. Alikua akiambiwa kwamba baba yake alikufa kwa homa. Tangu siku ya wazazi alikuwa anamfuata mama yake kutoka jikoni mpaka shambani akimwuliza amekosa nini, na mama alikuwa anafungua mdomo na kuufunga.

"Nikiwa na yeye peke yetu, maneno inakataa. Nimejaribu. Lakini nikikuwa na kitu ya kufundisha, kama wewe vile, labda itatoka." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wewe usiwache huyo Khan hapo. Ukimwacha hapo, watoto watabaki na ile ya punda. Endelea. Mimi nitakuja kwa darasa."

Nikamwambia Bwana Gichuki amekataza.

"Gichuki nitaongea na yeye. Yeye pia alikuwa amekaa chini hapo, na babake."

Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba Jumatano Bwana Gichuki mwenyewe alileta kiti darasani, akakaa nyuma pamoja na wanafunzi, magoti yamegonga dawati.

Mama Gathoni aliingia amevua aproni, amefunga kitambaa safi kichwani. Alizungumza kwa Kiswahili mwanzoni kwa ajili yangu, halafu kwa Kikikuyu, na mimi sikuhitaji kutafsiriwa. Alitaja majina ya waliosimamishwa siku hiyo. Baadhi ya majina yalikuwa ya ukoo wa wanafunzi waliokaa pale, na kila lilipotajwa mtu fulani aliacha kuandika. Alipolitaja jina la mumewe alimtazama Gathoni, akamwambia yote aliyoniambia mimi, na habari ya kiti pia.

Gathoni alitoka kwenye dawati lake akaja mbele. Nilidhani atalia au atakimbia. Alisimama kando ya mama yake, akauliza, "Alikuwa mrefu?"

"Huo urefu wako ni yake," mama akamjibu.

Wakashikana mikono, wakabaki hivyo, na mimi nikaacha muda upite. Jifunzeni hilo pia. Kengele ya kipindi ililia, na mwalimu wa hesabu akafika mlangoni, akaona, akarudi zake.

Barua ya uhamisho sikuipeleka. Nilikaa katika shule hiyo mpaka nilipostaafu, na somo la Genghis Khan nililifundisha karibu kila mwaka. Sikumpunguzia kitu. Niliendelea kusema kwamba aliwaunganisha watu waliokuwa wakiwindana, kwamba aliweka sheria, kwamba njia zake ziliwapitisha wafanyabiashara na elimu kutoka pembe moja ya dunia hadi nyingine, kwamba aliwaacha watu wengi wafuate dini zao. Lakini nilianza na uwanja nje ya mji. Kabla hatujampandisha farasi, kila mwanafunzi alichagua mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kuta, mwokaji mikate au msuka mazulia, akampa jina, akaandika alichokuwa anafanya asubuhi ile. Halafu walikwenda nyumbani wakawauliza wazazi na mababu zao maswali yaleyale. Wengine walirudi na daftari tupu, na daftari tupu pia nililipokea. Sikuwahi tena kumwona mtu amelala macho wazi.

Namshukuru Mzee Salim, ambaye Mungu amrehemu, kwa punda na kwa ushauri. Namshukuru Bwana Gichuki, aliyekuwa na uwezo wa kunifukuza, akaleta kiti. Gathoni sasa ana wajukuu, analima mpunga huko Mwea, na baada ya mavuno lazima nipate gunia dogo la mchele mlangoni. Hasa namshukuru mama yake. Mgeni kutoka Taita alimfufulia siku yake mbaya kuliko zote mbele ya majirani, akitumia mwanawe mwenyewe, na badala ya kumtaka aondoke alimletea kiti.

Lakini sijawamalizia siku ile darasani, na ndiyo sehemu ninayoikumbuka zaidi. Wanafunzi walikuwa bado wamekaa, hakuna aliyetaka kuinuka kwanza. Nikafanya ambalo mwalimu hufanya anapokuwa hajui la kufanya, nikaendelea na somo. Nikasema Khan alikufa akiwa vitani, mzee, kabla ya kumaliza alichokuwa amekianza.

Mama Gathoni alikuwa bado amemshika binti yake. "Na kaburi yake iko wapi?" akaniuliza.

"Haijulikani. Inasimuliwa kwamba waliomzika walificha mahali penyewe. Watu wametafuta, na mpaka leo hawajapaona."

Nilingoja aseme alistahili. Nadhani darasa zima lilingoja. Yeye aliinamisha kichwa akafikiri, mama ambaye mume wake alipandishwa lori asubuhi moja na hakuna aliyewahi kumwambia alilazwa wapi.

"Basi watoto yake nao hawakupata mahali ya kusimama," akasema. "Waambie hiyo pia."

Akaenda kuangalia githeri isiungue. Nikachukua chaki, nikawageukia, nikawaambia.